IPE 300 (chuma cha umbo la I, kimo mm 300) tumeipasua katikati, vipande vimeachana kama maganda ya ndizi. Modeli yangu inakosea wapi?

binti_wa_chuda (Tanga)

Hodi humu. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Naandika kutoka karakana ya mjomba wangu, Chuda. Mimi ni fundi sanifu. Nachora na kukokotoa. Kuchomelea najua kiasi cha kutojiunguza tu.

Tumepata kazi ya banda la kuhifadhia singa za mkonge huko Pongwe. Mchoro unataka kenchi zenye vyuma vya umbo la T juu na chini. T za kiwandani hapa mjini hatukuzipata, basi mjomba akaamua tupasue IPE 300 za mita 6 katikati ya ubavu (bati la kusimama linalounganisha flenji, yaani mabapa ya juu na chini), kila moja itoe T mbili. Tulipiga uzi wa chaki, tukaanza na grinda kubwa. Diski 14 ziliisha kwenye chuma kimoja, msiniulize kuhusu vumbi.

Nilichokiona sikukitegemea. Mbao mbichi ukiipasua mara nyingine hubana msumeno. Chuma hiki kilifanya kinyume: mwanya ulikuwa unapanuka nyuma ya diski. Tulipofika sentimita za mwisho kikalia "pa!" na kijana wetu akaruka nyuma. Tukalaza T mbili sakafuni, kingo zilizokatwa zikitazamana. Zinagusana katikati, lakini ncha zimeachana: mm 11 upande mmoja, mm 12 upande wa pili. Nimepima kwa venia (kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita), mara tatu.

Mjomba akampigia muuzaji aliyeko Dar hapo hapo, akamwambia ametuuzia chuma kibovu. Muuzaji naye akasema sisi ndio hatujui kukata. Simu ilikatwa kwa hasira, sijui nani alianza kukata.

Nikakumbuka darasani tulipitia, kwa haraka sana, kwamba chuma kilichoviringishwa kikiwa cha moto hubaki na mikazo ndani yake hata kabla hakijabeba kitu. Tuite mikazo masalia. Nikaona niijenge kwenye CalculiX (programu ya kukokotoa mikazo; ni ya bure, na kompyuta yangu inaiweza) ili nimwoneshe mjomba. Nimetumia mchoro unaojulikana: ncha za flenji zimegandamizwa, maungio ya flenji na ubavu yamevutwa, katikati ya ubavu pamegandamizwa, na mabadiliko kati ya sehemu hizo ni mstari mnyoofu. Kilele nimeweka 0.3 ya kikomo cha chuma (mkazo ambao kikiufikia kinalegea). Cheti kinasema S355, yaani kikomo ni MPa 355 (newton 355 kwa kila milimita ya mraba), kwa hiyo MPa 106.5.

Sasa shida zangu:

Kwanza, kabla sijaikata hata kidogo na bila mzigo wowote, IPE nzima inajipinda kwenda pembeni sentimita 6 katikati. Mita 6 za chuma zinajipinda zenyewe! Stooni kwetu zimelala nyoofu kabisa.

Pili, mikazo niliyoweka haibaki nilivyoiweka. Hatua ya kwanza ikiisha, mahali pengi imeshuka.

Tatu, nguzo za banda hilo hilo nazo ni IPE 300, ila S275, zimeshikwa kila mita 3 upande dhaifu (wa kupinda kwenda pembeni). Kwa mkono, Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma), mkondo b (mmoja wa mikondo yake ya nguzo kupinda), napata uwezo wa kN 854. Nikachukua faili lile lile la mikazo, nikaongeza upinde wa mwanzo wa mm 12 (urefu kugawa kwa 250), modeli ikaanguka kwenye kN 520 hivi. Nani mwongo, mkono au kompyuta?

Nisaidieni kabla mjomba hajarudisha mzigo wote.

---

kaskazi_baridi

Mmepigwa, rudisheni. Chuma kizuri hakipindi.

---

mzee_reli (Tanga)

Marahaba mwanangu.

Huyo aliyetangulia asikutishe. Nimefanya kazi karakana ya reli hapa hapa Tanga miaka mingi, na sijawahi kuona chuma kikapasuliwa kwa urefu kikatulia. Kikitulia ndipo mimi ningeshangaa.

Nikupe mfano wa mikono yangu. Zamani magurudumu ya mabehewa yalikuwa yanavalishwa tairi la chuma. Tairi linachongwa dogo kidogo kuliko gurudumu. Unalipasha moto linatanuka, unalivalisha, linapoa linabana. Hakuna bolti. Ukiligonga kwa nyundo linalia kama kengele, na mlio ukiwa mbovu unajua limelegea. Tairi lile limevutwa usiku na mchana hata behewa likiwa tupu, limesimama kwenye njia ya pembeni lina mende tu ndani. Na gurudumu limegandamizwa vile vile. Huyu anavuta, yule anasukuma, ukitazama kwa nje unaona kimya.

IPE yako ni hivyo hivyo, ila tairi na gurudumu vyote ni chuma kimoja.

Ya kompyuta waachie wenyewe. Ila niambie: mlikata kwa grinda mwanzo hadi mwisho, au kuna mahali mlitumia gesi?

---

binti_wa_chuda

Grinda tupu mzee wangu. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umekwisha, ndiyo sababu diski 14.

---

mzee_reli

Basi mtungi umewafanyia wema. Gesi ingeunguza ukingo, na ukingo ukipoa hujikunyata. Mngepata upinde wa kwenu wenyewe juu ya upinde wa kiwandani, tena unaelekea upande wa pili. Hapo hakuna ambaye angejua kipi ni kipi.

---

nguzo_imara (Dar)

Dada, swali lako ni zuri na vipimo vyako vimenipa raha. Watu wengi huleta picha ya rangi rangi kutoka kwenye programu, hawajawahi kushika venia.

Kabla sijajibu, weka hapa fomula uliyotumia kwenye flenji, neno kwa neno. Chuma kizima hakiwezi kujipinda pembeni kwa mikazo masalia iliyo sawa kushoto na kulia. Nahisi kushoto na kulia kwako si sawa.

Ukiandika, nikueleze mikazo hii inatoka wapi, maana ukijua inatoka wapi utagundua kosa mwenyewe. Uji wa moto tunauanzia pembeni ya sahani kwa sababu pembeni ndiko kunakopoa. Flenji ni hivyo. Chuma kikitoka kwenye mashine ya kuviringisha kikiwa chekundu, ncha za flenji zina hewa pande zote, zinapoa mapema na kukakamaa. Katikati ya ubavu nako ni kwembamba, kunapoa mapema. Maungio ya flenji na ubavu ndipo chuma kilipojazana, bado pana moto. Yanapokuja kupoa baadaye yanataka kufupika, lakini ncha zilizokwisha kukakamaa zinakataa. Matokeo yake maungio yanabaki yamevutwa, ncha zinabaki zimegandamizwa. Kiwanda hakijakosea chochote, ni sehemu moja tu imechelewa kupoa.

Na kwa kuwa hakuna anayekishika chuma kwa nje, mvuto wote na mgandamizo wote katika mkato mmoja lazima vifutane, jumla sifuri. Si nguvu tu, hata mizunguko yake, kulia na kushoto, juu na chini. Modeli ikipewa mikazo isiyofutana itatafuta usawa wake yenyewe: itajikunja, itajifupisha, na mikazo itashuka. Shida yako ya kwanza na ya pili ni shida moja.

---

binti_wa_chuda

Hii hapa. y inapimwa kutoka katikati ya flenji, kutoka −75 hadi +75, na b ni 150:

mkazo = 106.5 × (1 − 4y/b)

Ubavu nimeuandika nusu ya juu na nusu ya chini mbalimbali, kutoka katikati kwenda kwenye flenji, naamini uko sawa. Kila nusu ya flenji nimeigawa vipande viwili kwenye modeli.

---

nguzo_imara

Weka y = +75. Unapata 1 − 2, yaani −106.5. Sawa, ncha imegandamizwa.

Sasa weka y = −75.

---

binti_wa_chuda

1 + 2 = 3. Mara 106.5 ni 319.5. Mvuto.

Mungu wangu. Nimesahau alama za thamani halisi. Wiki nzima.

---

nguzo_imara

Pole, karibu kwenye chama. Mimi yangu ilikuwa alama ya kutoa, ilinila siku kumi.

Tazama kosa hilo lilivyofanya kazi. Flenji yako ilikuwa imevutwa MPa 319.5 ncha moja na kugandamizwa 106.5 ncha nyingine. Huo si mkazo masalia, huo ni mzigo wa kupinda pembeni. Kokotoa mwinamo wake, gawa kwa 210000 (ugumu wa chuma kwa MPa), utapata upinde wa mm 61 kwa mita 6. Ndiyo sentimita 6 zako. Kompyuta ilikuwa inasema kweli tupu kuhusu uongo uliyoipa. Na kwenye nguzo za S275, 319.5 tayari imevuka kikomo cha chuma kabla mzigo haujagusa. Ikaanguka, ingefanyaje?

Mambo mengine, kwa kadiri nayaona muhimu.

Kilele. Mchoro uliotumia unatoka ECCS (jumuiya ya Ulaya ya ujenzi wa chuma) ya 1984, na ile 0.3 haizidishwi kwa kikomo cha chuma ulichonunua. Inazidishwa kwa 235 siku zote, iwe S235, S275 au S355. Sababu ni ule uji: kupoa hakujui daraja la chuma, kunajua unene na umbo. Kwa hiyo kilele chako ni MPa 70.5, na kwa nguzo pia 70.5. Hiyo ni kwa sababu IPE 300 ina kimo cha mara mbili ya upana. Kimo kikiwa mara 1.2 ya upana au chini ya hapo, kama HEA 200 (chuma cha I chenye flenji pana) yenye mm 190 kwa 200, 0.3 inakuwa 0.5 na kilele kinafika 117.5. Wengi husahau hapo, wanabeba 0.3 kila mahali.

Upinde wa mwanzo. Umehesabu mara mbili. Zile 1/250 za Eurocode 3 kwa mkondo b si upinde ambao mtu ataukuta akipiga uzi. Ni upinde wa kubuni uliobeba kila kitu ndani yake, mikazo masalia ikiwamo, ili mtu asiyetaka kuiweka mikazo asiiweke. Ukiiweka mikazo yenyewe, tumia upinde halisi, 1/1000. Mita 3 ni mm 3 badala ya 12. Chagua mlango mmoja, usipite yote miwili.

Vipande. Umesema viwili kila nusu ya flenji? Weka angalau vinne. Si kwa ajili ya kuchora mstari mnyoofu, ni kwa ajili ya kufuatilia ncha zinavyoanza kulegea moja baada ya nyingine mzigo ukipanda.

Mwisho wa chuma. Kwenye uso wa ncha ya chuma hakuna kitu cha kuvuta wala kusukuma, kwa hiyo mkazo wa kwenda na urefu lazima uwe sifuri pale. Utaona imeshuka kwenye sm 30 za mwisho, karibu kimo kimoja cha chuma. Hiyo ni sawa, usihangaike nayo, soma katikati.

Na njia ambayo mimi naipenda kuliko kuandika mkazo nukta kwa nukta chini ya *INITIAL CONDITIONS, TYPE=STRESS: tumia joto. Kila digrii moja, chuma kilichozuiliwa kinapata 210000 × 0.000012, yaani MPa 2.52. Unataka 70.5? Ni nyuzi 28. Zipe ncha za flenji na katikati ya ubavu +28, maungio −28, katikati mstari mnyoofu. Hatua ya kwanza haina mzigo, joto tu, kisha unaliacha joto hapo hapo unapopakia. Programu itatafuta usawa yenyewe na huna nafasi ya kukosea upande wa mhimili. Angalizo: usiruhusu nguvu ya chuma ibadilike na joto kwenye faili lako, maana joto hili ni la kuigiza tu.

---

kaskazi_baridi

Nyuzi 28 si ndiyo joto la Tanga saa mbili asubuhi? Hapo chuma kinapinda, mchana kinayeyuka.

---

nguzo_imara

Haha. Lingekuwa 28 kila mahali chuma kingerefuka tu, kisipinde. Tofauti ndiyo inayouma.

---

mwaka_wa_nne

Samahani wakuu, mimi bado nasoma. Kama jumla ya mikazo hii ni sifuri, kwa nini ipunguze uwezo wa nguzo? Si inafutana?

---

nguzo_imara

Swali hili liliwasumbua watu kweli. Miaka ya 1950 Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walikata vyuma vipande vipande na kupima, wakitaka kujua kwa nini nguzo za urefu wa wastani zinaanguka mapema kuliko hesabu.

Kwa nguzo fupi nene uko sahihi, inafutana. Mkato wote utafika kikomo tu, wengine mapema wengine baadaye. Shida ni ugumu njiani. Chukua S275: mzigo ukileta MPa 204.5, ncha za flenji zenye 70.5 za mgandamizo tayari zimefika 275. Zinalegea. Haziongezi tena upinzani, zipo kama abiria. Sasa ugumu wa flenji kwa upande dhaifu unakwenda na upana mara tatu kwa kuzidisha. Ikibaki robo tatu ya upana inayofanya kazi, 0.75 × 0.75 × 0.75 ni 0.42. Umepoteza robo ya chuma, umepoteza zaidi ya nusu ya ugumu. Na ncha ndizo zilizokuwa zimegandamizwa, kwa bahati mbaya hiyo hiyo. Ndiyo maana Eurocode inaipa IPE mkondo a upande wenye nguvu na mkondo b upande dhaifu.

---

binti_wa_chuda

Nimerudi. Jana nimelala saa nne usiku, mara ya kwanza tangu wiki ianze, si haba.

Nimetumia joto. IPE nzima sasa imetulia, imenyooka kama uzi. Ncha −70, maungio +70, na mikazo imebaki pale nilipoiweka isipokuwa sm 30 za mwisho, kama ulivyosema.

Nguzo: bila mikazo masalia, upinde wa mm 3, modeli inanipa kN 950 na ushee. Na mikazo, 870 na ushee. Mkono ulisema 854. Nimefunga daftari nikapiga makofi peke yangu, mama akauliza kuna nini.

Halafu T. Nikaamua kabla ya kompyuta nijaribu kwa kalamu. Ubavu wa T una mm 139.3 kwenda chini na unene wa 7.1. Mkazo wake unatoka +70.5 kwenye flenji hadi −70.5 kwenye ukingo uliokatwa. Nguvu inafutana, lakini mzunguko haufutani, kwa sababu aliyekuwa anaushika (nusu ya pili) ameondolewa. Mzunguko ni 70.5 × 7.1 × 139.3² ÷ 6, karibu kN·m 1.62. Nikagawa kwa ugumu wa T, nikapata upinde wa mm 6.9 kwa mita 6. T mbili zikitazamana: mm 13.7 kila ncha.

Nilipima 11 na 12.

Mjomba nimemwonesha karatasi. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo ulijua itapinda kabla hatujakata?" Nikasema hapana mjomba, nimejua baada ya kukata. Akasema basi hesabu hiyo imechelewa kama wewe kazini.

Swali langu dogo lililobaki: hizo mm 2 zimekwenda wapi? Modeli ikinipa 13.7 na sakafu 11.5, nirekebishe nini?

---

nguzo_imara

Usirekebishe chochote. Mchoro wa ECCS ni wa kubuni, umewekwa ili uwe salama kwa vyuma vya viwanda vingi. Chuma chako ni kimoja. Viwandani huwa wanavinyoosha vyuma vikiwa baridi kwa kuvipitisha kati ya rola, na kule kunyoosha kunachanganya mikazo upya. Juu ya hapo diski zako nazo zilipasha ukingo moto kidogo. Kukaribia hivi ni kuzuri mno, nisingetegemea.

Igeuze: 11.5 kwa 13.7 mara 70.5 ni MPa 59. Kwa hiyo grinda ya mjomba wako imekupimia mkazo masalia wa ubavu. Lehigh walifanya jambo hilo hilo, wao walikuwa na msumeno baridi na vipimo vya uhakika zaidi.

Lakini neno moja, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine. Kipimo chako kimeona ubavu peke yake. Mkazo wa flenji ni sawa kushoto na kulia na unafutana ndani ya flenji yenyewe, kwa hiyo kupasua ubavu hakuuoni kabisa. Ncha za flenji zingekuwa na 70 au 120, T zako zingeachana mm zile zile. Na nguzo zako zinaamuliwa na ncha za flenji. Usije ukaandika kwenye ripoti kwamba "tumethibitisha kwa majaribio" ile 870. Hujaithibitisha. Ungetaka, ungelazimika kukata ukanda mwembamba kwenye ncha ya flenji na kupima urefu kabla na baada. Kwa MPa 70, ukanda wa mm 250 unarefuka mm 0.08. Venia ya karakana haifiki huko.

---

binti_wa_chuda

Nilikuwa nimeshaiandika hiyo sentensi. Nimeifuta.

Mzee_reli, T zinanyooshwaje? Mjomba anasema angekata kwa kuacha madaraja, kila nusu mita anaacha sm 3 hazijakatwa, zikipoa ndipo anakata madaraja. Je, ingesaidia?

---

mzee_reli

Madaraja ni kwa ajili ya gesi. Yanazuia moto wako usipindishe chuma. Mikazo ya kiwandani yanaizuia tu, hayaiondoi. Ukikata daraja la mwisho, "pa!" ile ile. Mwambie mjomba nimesema, na kama ana umri wangu asinune.

Kunyoosha ni moto. Choma upande mrefu, yaani ule ukingo uliokatwa, ndio uliotuna. Madoa ya pembetatu, mdomo wa pembetatu ukingoni, kila sm 60 hivi, hadi wekundu hafifu wa gizani, usizidi hapo. Acha kipoe chenyewe bila maji. Doa likipoa linakunyata, ukingo unafupika, T inanyooka. Vijana huchoma upande uliobonyea wakidhani wanaurefusha, wanaongeza upinde.

---

nguzo_imara

Shikamoo mzee, njia yako ni sahihi kabisa, ila nauliza kama inahitajika. 11.5 gawa kwa mbili ni mm 5.75 kwa kila T, kwa mita 6. Hiyo ni karibu 1/1000. Dada, T yako imepinda kiasi kile kile ulichodhania nguzo zako zimepinda. Kunyoosha upinde huo katikati kunataka nguvu ya kN 1.36, yaani kama kilo 140. Watu wawili wakae. Mkichomelea vyuma vya kati vya kenchi ikiwa imebanwa kwa klempu, itakaa.

Moto utakuletea mikazo masalia mingine ambayo humo kwenye modeli yako haimo.

---

mzee_reli

Marahaba. Kilo 140 sikubishii. Lakini chuma kilichobanwa bila kunyooshwa kinasubiri tu siku ya kufunguliwa. Klempu ikitoka kabla weldi haijatosha mtaniambia.

Karakana iko upande gani wa stesheni? Kesho nikitoka msikitini alfajiri nitapita niione hiyo T kwa macho.

---

binti_wa_chuda

Mrejesho.

Mzee amekuja, amekunywa chai na mihogo, ameigonga T kwa nyundo akasikiliza, akasema "nzima hii".

Tukaiweka juu ya vigingi viwili kwenye ncha, flenji chini, ukingo uliokatwa juu. Nilikuwa nimewaandaa watu wawili kwa zile kilo 140. Tukavuta uzi chini ya flenji: mwanya mm 2 na nusu tu, si 5.75! Nikashtuka, nikadhani venia imeharibika. Kumbe T yenyewe ina kilo 125 hivi, na kwa kulala juu ya vigingi tu uzito wake unaishusha mm 3 na kidogo. Hilo sikulikokotoa, na Nguzo_imara nawe hukulisema!

Kwa hiyo akapanda kijana wetu peke yake, yule aliyeruka siku ya "pa!". Ana kilo 60 akiwa ameshiba. Akakaa katikati, uzi ukagusa. Mzee akainama akatazama kwa jicho moja, akasema klempu zikae hapo hapo mpaka weldi zote za upande huo ziishe, na yeye mwenyewe atakuja kuzifungua.

Mjomba bado hajampigia muuzaji. Anasema atampigia Ijumaa, akiwa na jambo jingine la kununua.

---

nguzo_imara

Uzito wake wenyewe. Nimenyoosha mikono.